Mvua si mufagio wetu

Ninyi watu wa avenyu yetu, nani aliwadanganya kwamba Mungu analeta mvua ili iwafagilie nyumba? Hamuna haya? Mukiona wingu limesimama juu ya volkano, munakimbia kutoa takataka za juma zima, munatupa katika mufereji, kisha munafunga mulango kama watu waliomaliza kazi. Washenzi!

Nimeandika hayo, nimeyasoma tena, na uso wangu unawaka. Kwa sababu leo Jumanne mushenzi wa kwanza ni mimi.

Asubuhi jua lilichoma kama la kiangazi, na tuko katikati ya miezi ya mvua. Zamani mvua ya Goma ilikuwa na adabu. Ilikuja kwa miezi yake, inanyesha polepole, majiwe ya volkano yanakunywa maji, basi. Sasa inakawia, inakawia, kisha inaanguka yote mara moja kama mutu anamwaga beseni. Tena yale majiwe tumeyafunika na nyumba na simenti. Maji yapite wapi?

Ninajua hayo. Ninayasema kila siku.

Lakini wingu lilipotokea, nilifanya kama mama mukwe wangu alivyonifundisha. Maganda ya maharagwe, majivu ya makala ya kupikia, mifuko ya plastiki, nikafunga vyote katika kitenge changu cha zamani, kile cha wamama wa parokia, nikatupa. Mvua ibebe.

Haikubeba. Furushi lilikwama chini ya mbao za kuvukia, kwa Mama Neema, yule mujane anayeuza unga wa muhogo hapo chini. Maji yakageuka, yakaingia kwake. Gunia lake la unga limekuwa uji.

Na mimi? Mvua ilipoisha nilitoka kugomba! Nikasimama pale, mikono kiunoni: "Nani mujinga amefunga mufereji? Hamukulelewa?"

Kijana wa pikipiki akavuta furushi na fimbo, kitenge kikafunguka. Akanigeukia mimi muzee, akacheka: "Koko, muangalie! Mujinga mwenyewe anasali. Ni wa parokia yenu!"



Mama Neema akaangalia kitenge, akaniangalia mimi. Kile kiraka cha pembeni alinishonea yeye mwenyewe. Akasema, "Ni changu. Muache kelele."

Majirani waliokusanyika wakamutukana yeye. Unga wake umeloa, na wakamutukana yeye.

Mimi nikarudi kwangu, nikafunga mulango.

Radio inasema mbingu imeharibika kwa moshi wa viwanda vya inchi za mbali. Inaweza kuwa kweli. Hata milima ya kwetu Masisi imebaki na vipara, miti imekuwa makala, na makala hayo hayo yanapika sombe yangu ya majani ya muhogo. Lakini furushi halikutoka Ulaya. Lilitoka mukononi mwangu.

Nimezeeka nikigombeza watu. Leo mutu amenifunika aibu yangu na kitenge changu mwenyewe.

Basi wewe mwanamuke unayeandika haya, sikia. Kesho asubuhi, wakati watu wanateka maji pale chini, shika jembe. Zibua mufereji kuanzia mulango wako mpaka kwa Mama Neema. Mupelekee unga wote ulio nao ndani. Kisha simama pale pale uliposimama leo, ondoa mikono kiunoni, na useme kwa sauti ile ile ya kugomba: kitenge kilikuwa changu.

Usiseme polepole.