Mpeleka Chai Kwenye Kiti cha Maswali

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa ukutani, karibu na jiko langu: anatakiwa karani wa stoo ya vipuri vya pampu. Hata wa humu ndani wanaruhusiwa kuomba. Nimelisoma mara tatu, maji yakachemka mpaka yakapungua.

Miaka kumi na moja napeleka chai kwenye usaili. Mwenye trei haonekani. Mwombaji akitoka, wakubwa humchambua mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati. Kabati hili lina masikio!

Nimeomba. Afisa utumishi, tunayemwita Mama Faili, kaipokea barua, kaigeuza nyuma. Eti, wewe? Nikamwambia ndiyo, mimi.

Jumatano, 5 Machi

Niliyookota humo chumba cha usaili: anayeanza na "nilizaliwa" hafiki darasa la kwanza kabla mkurugenzi hajatazama saa. Anayemponda bosi wake wa zamani, mlango ukifungwa tu, husemwa kwamba kesho atatuponda sisi. Na wale wa "udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi"! Nimehesabu kumi na tisa. Aliajiriwa mmoja — ndiye huyo aliyeiacha stoo ilivyo.

Binti yangu kavaa miwani yangu, kanikalisha mbele ya meza. Haya mama, udhaifu wako? Kukulea wewe kwa upole, nikamjibu. Kanipa sifuri.

Tunacheka, lakini nikikosa, Jumatatu narudi na trei ileile kwa watu walewale. Watakunywa. Nitasimama.

Ijumaa, 7 Machi

Leo!

Nimeanza kwa aibu. Nimegonga, nikaingia kinyumenyume, nasukuma mlango kwa kiuno — mikono mitupu! Mazoea ya trei. Mkurugenzi kaangalia nyuma yangu kutafuta birika. Nikasema: samahani wakubwa, leo nimejileta mwenyewe. Wakacheka. Nikakaa. Kiti kile ni kigumu kuliko kinavyoonekana.

Tuambie kuhusu wewe. Sikuzaliwa. Nimeanzia jikoni: watu arobaini, chupa mbili za chai, sijawahi kuishiwa sukari hata siku moja, maana nahesabu kila Ijumaa na kuagiza kabla ya kuisha.

Udhaifu? Mwandiko wangu ni wa kuku. Kwa hiyo miezi minne sasa dada wa mapokezi ananifundisha kompyuta wakati wa mapumziko. Orodha ya majani na sukari naichapa. Nikawawekea karatasi mezani. Mama Faili kaisoma mbele, halafu — kama kawaida yake — kageuza nyuma.

Tatizo ulilowahi kutatua? Hapo nilikuwa napasubiri. Chupa zangu zinafanana, na mkurugenzi kakatazwa sukari. Nilifunga uzi mwekundu kwenye ile isiyo na sukari. Tangu hapo hakuna aliyekosea. Nikawaambia: stoo yenu iko hivyohivyo. Mipira ya pampu ya inchi moja na ya inchi moja na robo imelala boksi moja. Mafundi wanafika kwa mteja, wanarudi mikono mitupu, halafu wanakuja kulalamika jikoni kwangu. Stoo haina uzi.

 Mkurugenzi hakutazama saa. Aliandika!

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna jibu. Nimepeleka chai. Mkurugenzi kasema asante. Miaka kumi na moja, asante ya kwanza. Ni dalili njema au ni pole ya kukosa? Sijalala vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nimekuta tangazo jipya palepale ukutani: anatakiwa mpika chai.  Nimefukuzwa au nimepanda? Nikamfuata Mama Faili. Kasema barua yangu ya ukarani iko mezani kwa mkurugenzi, haijasainiwa, nisimsumbue. Ila saa nane niende chumba cha mikutano.

Na trei?

Bila trei.

Naandika haya nimekaa — upande wao! Mama Faili kaniambia kazi ya jikoni naijua mimi, basi niulize mimi. Kanipa kalamu. Mkurugenzi kahamisha kiti chake ili nipate nafasi.

Mwombaji wa kwanza kaingia, mama wa rika langu, anashika mkoba kwa mikono miwili. Nikamwambia: karibu dada, tuambie kidogo kuhusu wewe.

Akaanza: "Nilizaliwa..."

Mkurugenzi kageuza mkono kutafuta saa. Nimemsogezea dada glasi ya maji, nikamnong'oneza: ruka, dada, anzia kwenye birika.