Punje Iliyokauka Masikioni

Kitale,
14 Septemba 2024

Kwa ndugu yangu mkubwa Mukhisa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto, ambao kila Krismasi huniuliza kwa nini mjomba wao wa Tongaren hafiki. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wifi yangu mkiwa wazima, na mahindi yenu yameanza kunyauka majani. Mimi nina afya, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza mbele. Ningepiga simu, lakini zangu hupokei tangu Novemba ya mwaka juzi, na hata ungepokea, nusu ya maneno ningeyakisia.

Kwanza nikuambie nilipofika, maana nasikia huko inasemwa ati nimeanguka. Sijaanguka. Nilianza na gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia mahindi, pale sokoni Saboti, nimekalia jiwe. Leo ghala langu linabeba magunia elfu moja na mia mbili, na hakuna aliyenishika mkono. Limejengwa na jino langu. Mkulima analeta mahindi, natoa punje, natafuna, nasema ni kavu au ni maji. Kimaiyo, mnunuzi mwenzangu, alipoleta mashine ya kupima unyevu na kunicheka kwamba siku za meno zimeisha, tulishindana mbele ya watu kwa magunia hamsini. Nilipatia arobaini na nane. Kimaiyo mwenyewe akakiri ati angejua, angenunua mdomo wangu aache mashine. Tangu siku hiyo naitwa Mama Jino, na jina hilo nalivaa kama kofia ya Jumapili.

Ndiyo maana uliniudhi siku uliyoleta magunia yako arobaini na mawili. Nilitafuna, nikasema ni maji, rudi ukaanike. Badala ya kukubali, ukatoa chupa ya soda, ukatia chumvi na punje zako, ukatikisa mbele ya wakulima kumi na mmoja, ukaiinua waone kwamba chumvi haikugandama kwenye kioo, kwa hivyo mahindi ni makavu. Chupa, Mukhisa! Mlangoni kwa Mama Jino! Sikuitazama hata. Nilisema labda chumvi yako nayo imeoza. Watu wakacheka, nawe ukatoa neno linalonichoma hadi leo: kwamba ulinitafunia mahindi nikiwa sina meno, na sasa natafuna yako na kuyatema. Kisha ukanitangaza mpaka Kanduyi kwamba nimenunua kiburi kwa gunia. Hukuuliza hata mara moja kama dada yako ana shida yoyote. Hilo nimekuwekea moyoni, sitakuficha.

Ulipokuwa unayarudisha nyumbani, turubai lililoyafunika likapasuka, mvua ikayapiga, na magunia kumi na saba yakaota kuvu. Habari zilipofika hapa nilimwambia kila mtu: si nilisema yalikuwa maji? Nimelisema neno hilo karibu miaka miwili.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tano Chelagat, mama wa watoto watatu anayesimamia ghala langu, aliniambia kwa heshima zote kwamba wakulima wanahamia kwa Kimaiyo. Akaongeza kuwa wiki hiyo nilikuwa nimekataa gunia moja mara mbili na kulipokea mara ya tatu, na ni gunia lile lile, alikuwa amelitia alama. Nilimwambia akatie alama kazi nyingine. Halafu nikanunua mashine ili nimwaibishe. Tukarudia lile shindano la magunia hamsini. Mimi nilisema thelathini na moja ni maji. Mashine ikasema manne. Nimekosa mara ishirini na saba, yaani hamsini na nne kwa mia. Ningerusha shilingi hewani ningepatia zaidi, bana.

Nilidhani ni meno. Daktari wa meno akasema haya ni ya kuvunja mifupa, lakini yeye amechoka kurudia kila swali mara tatu, afadhali nikapimwe masikio. Nikaenda kwa mtaalamu mmoja huko Bungoma. Alinivisha hedfoni, akagundua kwamba sauti nene nazisikia vizuri, ila zile nyembamba za juu, kama ndege au mlio wa kitu kikavu kikivunjika, zimekwisha. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia nilisimama kando ya mashine ya kupukuchua mahindi misimu kumi na minne bila hata pamba masikioni. Lakini nikamrekebisha hapo hapo: mimi mahindi siyasikilizi, nayatafuna. Alicheka, akasema ulimi haupimi ukavu peke yake. Ubongo ndio mpishi: unachukua kinachoguswa na meno, kinachosikika na hata kile unachotarajia, unakoroga kila kitu katika sufuria moja, halafu unakupakulia ugali. Wewe ukishakula huwezi tena kutenga unga na maji. Mlio ukikosekana, ubongo unakuambia punje ni laini, nawe unaapa.

Sikuamini. Nilikuwa na punje mfukoni, kama kawaida yangu. Akanifunga maikrofoni ndogo shavuni, akaniambia nitafune. Maji. Akaongeza zile sauti za juu kwenye hedfoni, akaniambia nitafune nyingine kutoka mkono ule ule. Ndugu yangu, punje ilikauka mdomoni mwangu. Ilivunjika kwa mlio wa zamani, na ulimi wenyewe ukasema ni kavu. Akapunguza, ikawa maji. Akaongeza, ikawa kavu. Mara sita. Ya saba sikuweza kutafuna, nilikuwa nalia.

Mukhisa, mahindi yako yalikuwa makavu. Kati ya wale wakulima kumi na mmoja nimewapata saba, na wote saba wanaikumbuka chumvi yako ikicheza chupani kama mchanga. Sikukuonea kwa makusudi. Kweli kabisa nilitafuna maji. Lakini siwezi kuyatwika masikio mzigo wote. Macho yangu yalikuwa mazima, na niliyageuza. Kuhusu punje nilidanganywa na masikio. Kuhusu chupa nilijidanganya mwenyewe.

Usidhani naandika nikiwa nimeinama. Katika wanunuzi wote wa Kitale, ni mimi peke yangu ninayejua jino langu hukosea mara ngapi kwa mia, na hesabu hiyo nimeiandika mlangoni kwa mkono wangu. Chelagat nimempandisha cheo. Magunia kumi na saba ya kukufidia yamepangwa ghalani, ukutani upande wa kushoto, jina lako juu yake. Nimeyapima kwa mashine, si kwa jino.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba nimewaita wale saba. Njoo, na uje na ile chupa. Utaitikisa pale pale mlangoni, na safari hii nitaitazama chumvi.

Msalimie wifi yangu na wote wa huko nyumbani. Ukifika, nisemeshe upande wa kulia, na usinipigie kelele, polepole inatosha.

Ni mimi dada yako uliyemtafunia,
Phelista