Baba, Pampu Ilikuwa Inahema

Mpendwa Baba,

Kwa miaka mingi nimeshindana na swali moja: je, ni mimi niliyekupotezea kazi yako ya pampu kule Port Reitz? Sikukuuliza ungali hai. Nilichelea ungenijibu kwa upole, na upole wako usingenisaidia kuujua ukweli.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni uliponipigia simu asubuhi ile. Pampu iliyopandisha maji kwenye tangi la mtaa ilikuwa inagonga, na mshale wa geji ya kupima presha ya maji haukutulia.

"Mamangu, yahema hii," ulisema. "Yavuta pumzi, yatoa. Hebu sikiza."

Ukaisogeza simu karibu nayo. Nikasikia mlio kama wa kokoto ndani ya debe. Juma lile tulikuwa tumefundishwa habari za viputo vya mvuke, ambavyo hupasuka ndani ya pampu inayokimbiza maji kupita kiasi. Basi nikaamua papo hapo.

"Baba, pampu haihemi. Ifunge nusu valvu ya kutolea maji, mwendo wake upungue."

Mzee Kazungu, mwenzako wa zamu, aliangua kicheko nyuma yako. "Haya, daktari wa simu ashaandika dawa! Na mgonjwa hajamuona!"

"Nyamaza wewe," ulimjibu. "Mwanao hata simu yako hashiki."

Ukaifunga valvu. Siku mbili baadaye shafti, kile chuma kinachozungusha pampu, ikakatika. Mtaa mzima ulishinda foleni na mitungi, na msimamizi akakwambia uende nyumbani. Hukumtajia yeyote jina langu. Hata Mzee Kazungu, na mdomo wake ule wote, alinyamaza.

Nimechelewa kuelewa. Mwezi uliopita, katika kiwanda ninachofanyia kazi Changamwe, nilisimama mbele ya pampu yenye vituko vilevile. Kabla sijagusa kitu nikalikumbuka neno lako, na safari hii nikalichukua kuwa ni kipimo. Mshale ulipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Viputo, kwa kadiri nijuavyo, havina mwendo huo. Huo ni mwendo wa pampu inayopitisha maji kidogo mno kuliko ilivyoundiwa: maji yanapokosa njia hugeuka na kuzunguka humo humo, mkondo ukaenda na kurudi, shafti ikasukumwa huku na huku. Milio inafanana; maradhi ni mawili, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Nikaifungua valvu badala ya kuifunga. Mshale ukatulia.

Jumamosi nikaenda Bombolulu kwa Mama, na kwa mara ya kwanza nikamweleza yote. Aliingia chumbani, akatoka na kipande cha shafti ile ya Port Reitz, kilichopakwa grisi na kuviringishwa kwenye kanga kuukuu.

"Babako alisema ukiuliza nikupe," aliniambia. "Usipouliza, nisikutie simanzi."

Nilikifuta, nikakipeleka mlangoni penye mwanga. Baba, sehemu kubwa ya pale palipokatika ilikuwa laini, yenye mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine. Mistari ya namna ile huachwa na ufa unaosogea kidogo kidogo, pampu ikiwashwa na kuzimwa. Yako uliiwasha asubuhi na jioni. Siku mbili zangu zisingetosha hata robo ya mistari ile. Ufa ulikuwepo kabla ya simu yako. Nilikaa kizingitini nikalia, Mama akadhani nimejikata na chuma. Kumbe nilikuwa nimetua mzigo.

Hata hivyo sitaki kujipa msamaha mkubwa kuliko ushahidi nilio nao. Huenda mimi niliharakisha jambo ambalo lingekuja. Hakuna aliyeandika valvu ilikuwa wazi kiasi gani kabla hujaifunga, na pampu yenyewe imekwisha kung'olewa. Lakini linalonishinda zaidi si hilo. Masikio yako yalijua. Mbona basi ulinitii? Uliona elimu yangu imekupita, au ulitaka tu Mzee Kazungu asikie kwamba binti yako ni injinia? Chuma hakina mstari wa kunionyesha hilo, na aliyekuwa na jibu ni wewe peke yako.

Nakuaga kwa heshima, Baba, na kwa moyo mwepesi kuliko niliokuzika nao.

Ni mimi binti yako,
uliyemtii.