Picha ya Kwanza ya Danar

Kwako Dada Palupi,

Salamu nyingi kutoka hapa Klaten. Naomba barua hii ikukute una nafuu, na kikohozi cha shemeji Tirto kimepoa. Sisi tupo, ila Mama hali chakula vizuri tangu tumzike Danar. Anapika, anatupakulia, kisha anakaa kuitazama sahani yake.

Nimesikia umemkataza asije kwenye dua ya arobaini, na kwamba unawaambia majirani hirizi aliyomvalisha Danar ndiyo iliyomuua mwanao. Sikulaumu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini soma hadi mwisho.

Siku ile ulikuwa kazini, Mama akamleta Danar kwangu hospitali kupigwa picha za ubongo kwa ile mashine ya sumaku ninayoiendesha. Daktari alikuwa ameagiza apewe dawa ya usingizi. Mimi mama yake mdogo nikamwonea huruma, mtoto wa miezi saba, nikajitia najua. Dawa sikumpa; nilimshibisha maziwa, nikamviringisha shuka kama wali wa lontong kwenye jani la mgomba, akalala. Katikati ya kipimo akaamka, akatikisa kichwa, picha zote zikaharibika. Nafasi nyingine kwenye mashine ikapatikana baada ya wiki tano. Hapo uvimbe kichwani mwake ulikuwa umeshakua, na daktari wa upasuaji akasema angemwona mapema, pengine angejaribu.

Nilikuambia Mama aliisahau pini ya hirizi kwenye nguo za mtoto, na chuma ndicho kilichoharibu picha. Dada, nilidanganya. Daktari naye nilimdanganya. Mama aliitoa pini mwenyewe mlangoni, pamoja na kile kipande cha mzizi wa bengle cha kufukuzia majini, akanikabidhi huku akinitania kwamba jini la mashine yangu lina wivu kuliko majini ya kwetu. Niliifungia kabatini kabla hatujaingia.

Juzi nilimuuliza kwa nini ananyamaza wakati wewe unamtukana. Aliendelea kuchagua mchele, hata hakuniangalia.

“Palupi kashapoteza mtoto,” akasema. “Nikikutaja wewe, atapoteza na ndugu. Mimi mzee, we niache nibebe.”

Sitaki abebe tena. Nakusihi, mwite Mama kwenye arobaini, akae karibu nawe. Mimi nitabaki huku, na daktari nitamweleza mwenyewe Jumatatu.

Nisalimie shemeji. Nawaombea subira.

Mdogo wako,
Wigati