Nilisema Sakramenti Ni Mbili

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Njiro bado nabeba zege, mgongo unalalamika lakini nipo. Bibi yako kanipigia, ng'ombe amezaa.

Unauliza ununue katekisimu nene au ile ndogo ya maswali na majibu. Mimi ujanani niliona moja inauzwa Makumira, nikanunua bila kuuliza. Nilitaka kubatizwa Pasaka, maana baba wa bibi yako alikataa kunioza kabla sijawa Mkatoliki. Nikaikariri yote.

Siku ya mtihani katekista akauliza, "Sakramenti ni ngapi?"

"Mbili!"

Darasa zima likacheka. Akakitazama kitabu changu. "Umesoma vizuri, kijana, ila hiki ni cha Walutheri. Kwetu ni saba."

Pasaka ikanipita. Bibi yako akaniletea kitabu chake, tukawa tunasoma pamoja baada ya misa. "Haya, Bwana Mbili," ananitania, "ongeza tano."

Chukua hiyo ndogo, mke wangu, ila mwonyeshe katekista kwanza. Kisha usome na mtu atakayekucheka bila kukuacha. Katika zile tano nisizozijua, mojawapo ilikuwa ndoa.

Ni mimi babu yako, nakukumbuka sana.