Taja Jina la Redouane

Medea, 3 Novemba 1997

Mdogo wangu Houria,

Mama anakusalimu sana. Baridi imeanza kumsumbua, ila anakula. Sisi wengine tunapumua. Nawe, shemeji Farid na watoto, hamjambo?

Tumesikia unawania tuzo ya televisheni ya taifa. Mtaa umefurahi. Mwezi wa Ramadhani, ulipomlilia yule mume wako wa kwenye tamthilia, jirani aliacha supu ikaungulia jikoni.

Houria, Redouane wangu hajarudi tangu askari walipomtoa dukani kwa muuza mikate. Kila kituo naambiwa hayupo, hajapata kufikishwa hapo. Jana askari mmoja aliniuliza kama nina hakika nilizaa. Sherehe yenu itarushwa moja kwa moja, na waziri ataketi mbele. Wakikupa kipaza sauti, taja jina la mwanangu na la baba yake, basi. Mtu aliyetajwa mbele ya nchi nzima si rahisi kumpoteza.

Dada yako, Ouiza


Aljeri, 11 Novemba

Dada Ouiza,

Alhamdulillahi kwamba mama anakula. Sisi tu wazima, ila Farid hatoki tena jioni.

Barua yako niliisomea bafuni, maji yakimwagika, watoto wasinisikie. Dada, siwezi. Wakubwa wa televisheni wametukusanya wakatuambia: pokea, shukuru, shuka. Nilimwendea mkubwa mmoja nikamweleza habari za Redouane kwa upole. Akanimiminia kahawa. Akasema, "Bi Houria, wanao wanasoma shule ile ya karibu na bustani, sivyo?"

Usinichukie.

Mdogo wako, Houria


Medea, 17 Novemba

Houria,

Mama hajambo.

Nchi nzima ililia nawe kwa ajili ya mtu aliyevua nguo za kuigizia akaenda zake kula. Wangu bado amevaa shati alilotoka nalo. Ni wewe uliyempa jina siku ya saba. Mimi nilitaka aitwe Slimane. Basi lichukue jina lako, ukae nalo.

Mama yake Redouane


Aljeri, 6 Desemba

Dada,

Sijui kama utaifungua hii. Natumaini mama yu mzima.

Nilishinda. Nilipanda jukwaani nikiwa nimeamua kushukuru na kushuka. Nikamshukuru mwongozaji. Kisha nikamwona waziri akinipigia makofi, anatabasamu, na mdomo ukakataa kufumbika. Nikasema, "Redouane, mwana wa Mokhtar Belhadef, wa Medea. Yuko wapi?"

Wakazima kipaza sauti, wakapiga muziki. Nikarudia kwa sauti yangu yote. Watu wakatazama magoti yao. Halafu kule nyuma mwanamke mmoja akasimama, akataja jina la mwanawe. Akafuata fundi wa taa, akamtaja kaka yake. Hapo wakanishika mkono wakanishusha.

Mlisikia? Niambie mlisikia.

Mdogo wako, Houria


Medea, 13 Desemba

Mdogo wangu wa damu,

Hatukusikia. Tulikuona ukimshukuru mwongozaji, mara zikaja picha za ngamia jangwani na filimbi. Mama akazima televisheni, akasema, "Nimebakiwa na binti mmoja." Nami nikamwacha aseme.

Leo nimemsomea barua yako. Ameniambia niisome tena, kisha akajifunika shela usoni. Habari imeshatufikia kwa midomo ya watu: wanawake wanabisha hodi na picha za watoto wao, wakimuulizia dada yake Houria. Nawapa kahawa. Njoo Ijumaa. Mama anataka kukupikia kuskusi kwa mkono wake.

Dada yako, Ouiza


Medea, 22 Desemba

Houria,

Ijumaa tulikungoja, kuskusi ikapoa. Nimempigia Farid simu. Alilia kwanza, ndipo akasema uliitwa kituoni ukajibu maswali mawili matatu, ukaenda na mkoba wako. Alipokwenda kukuulizia, wakamwambia hukufika kamwe.

Maneno hayo nayajua.

Naituma hii nyumbani kwako, maana sina pengine pa kuituma. Kesho nashuka Aljeri. Mama amekataa kubaki, na wale wanawake wanakuja nasi. Tutasimama mbele ya jengo la televisheni, langoni wanapopita wakubwa. Mimi sijapata kusema mbele ya watu. Nitaanza na Redouane. Kisha nitakutaja wewe.

Dada yako, mama yake Redouane