Siku Nilipokuazima Rasoa

Mama Njeri,

Bwana yako anaachiliwa kizuizini. Karani alisoma majina jana asubuhi pale tunapopimia kahawa, na jina lake lilikuwamo. Wanawake wa laini yetu ya nyumba za vibarua walipiga vigelegele, halafu wakanitazama wakingoja nifurahi. Nilisema ni vizuri, nikarudi kuchuma.

Sijalia tangu tukuzike. Wanasema nina roho ngumu. Mimi hata sijui roho yenyewe iko wapi siku hizi. Napika, naosha watoto, nachuma. Nikipika chai naweka vikombe viwili, kisha nakumbuka, cha pili nakirudisha kwenye sufuria.

Njeri yuko kwangu. Anatembea sasa. Anakula ugali wangu bila maneno, si kama wewe uliyesema ati unakaa tumboni kama saruji. Ndui ilimwachia mashimo usoni, na jicho la kushoto halioni. Ananiita mama. Sikumfundisha, amemwiga Rasoa wangu.

Mumeo atauliza ulikufaje. Hapa wote wanasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi na wewe tunajua kilichotangulia.

Siku ile dresa, yule mtu wa dawa wa serikali, alipokuja laini kuchanja watoto wote ndui, kahawa ilikuwa imeiva yote, na nyapara ametuonya kwamba atakayekosa siku tatu afungashe vyake. Mumeo askari walikuwa wamemchukua kwa mambo ya emajensi, ile hali ya hatari, ukabaki peke yako na mtoto. Ulijua akichanjwa mkono utavimba, homa ipande, asibebeke mgongoni. Ukaniambia, "Kahawa ikiisha nitampeleka Thika mwenyewe, Ngai ni shahidi." Na ungempeleka. Hukuwa mjinga, Mama Njeri. Uliogopa njaa kwa sababu ilikuwa karibu, na ndui ilikuwa bado habari ya watu wengine.

Halafu mimi, mwenye akili nyingi, ndiye niliyesema, "Si uchukue Rasoa?"

Rasoa alikuwa amechanjwa kwetu Maragoli, kovu limepona zamani. Nilipita naye kwanza, dresa akaliona, akatupungia mkono tupite. Nyuma ya nyumba tukamvika kofia ya Njeri, ukamfunga mgongoni, ukaingia kwenye foleni. Dresa alitazama kovu mkononi, akawapitisha, uso hakutazama. Wewe mwenyewe ukamdanganya kwamba ulichanjwa ukiwa msichana, na sweta hukulipandisha. Tulicheka mpaka ukakaa chini! Njeri alikuwa kitandani kwangu amelala, mkono wake hauna hata alama.

Ndui ilikuja kabla kahawa haijaisha. Ikamshika Njeri, ukamuuguza, ikakushika wewe. Njeri akapona. Haya.

Wiki jana dresa alikuja tena, si yule, mwingine. Jirani mgeni wa mlango wa tatu akanijia mbio. "Mama Rasoa, niazime mtoto wako kidogo tu, wangu ana mafua na kazini siwezi kukosa." Nikamwita Njeri, nikamgeuza uso kwenye mwanga. Yule mama alimtazama, akaenda kumvua mtoto wake nguo na kupanga foleni. Mtoto alichanjwa. Nilidhani nitapata nafuu, sikupata kitu. Baadaye aibu ndiyo iliyonishika, maana nilimwonyesha mtoto wako kama picha ya ukutani, naye amesimama tu akinitazama kwa jicho lile moja. Sitarudia. Mwingine akija kuniomba, nitasema kwa mdomo wangu.

Basi nimeamua. Mumeo akifika, kabla hajanywa chai, nitamwambia yote, kofia, foleni, mpaka kile kicheko chetu. Nitamwambia wazo lilikuwa langu. Huenda akanipiga, huenda akanyamaza. Akitaka kumchukua Njeri, ni wake, nitamfungia nguo zake na sitabishana. Naogopa siku hiyo, Mama Njeri. Ukiacha ile aibu, hofu hii ndiyo pekee ninayoisikia tangu uende.

Lala, rafiki yangu. Kaburi lako nimelipalilia jana. Njeri naye akikua, popote atakapokuwa, akiniuliza jicho lake lilikwenda wapi, sitamwambia ni Mungu.

Ni mimi,
niliyekuazima mtoto.